Daunlodi inakatika kila baada ya masaa mawili kamili, wifi inajirudisha yenyewe. Shida ni rauta au laptopu?

fundi_kihonda:
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada maana hili jambo limenitoa jasho wiki nzima na bando linaisha bure. Nina laptopu ina Linux Mint 22, nyumbani natumia rauta ya laini na bando la usiku la kuanzia saa 6 mpaka saa 12 asubuhi. Nataka kushusha faili la Ubuntu 24.04 lile la desktop, karibu giga 6, niweke kwenye laptopu tatu za wateja, sasa kila siku naianzisha saa 6 usiku nalala, nikiamka nakuta imegoma njiani, Chrome imeandika imefeli tatizo la mtandao. Siku nyingine imefika giga 2, siku nyingine giga 3 na kitu, nikibonyeza iendelee inaanza sifuri.

Juzi nikasema leo silali. Nikakaa na chai yangu, laptopu nimeiwasha saa 6 na dakika 5, ikaenda vizuriii, saa 8 na dakika 5 alama ya wifi pale chini ikazunguka kama sekunde tano hivi, ikarudi, daunlodi chali. Nikaanza upya, saa 10 na dakika 5 tena vilevile. Hapo ndo nikajua hii sio bahati mbaya, kuna kitu humu ndani kinahesabu dakika.

Nshajaribu: kuiriseti rauta, kuzima ile ya kuokoa chaji kwenye wifi, kupiga simu huduma kwa wateja (waliniambia zima washa). Halafu kuna kitu kingine sijui kama kinahusika, saa ya laptopu inachelewa, saivi iko nyuma dakika 6, nikabadilisha mpaka betri ya bodi ila wapi. Natanguliza shukrani.

kijana_wa_bando:
Mkuu hao ni watoa huduma wanakukata kiaina, hizi bando za usiku zina mambo yake. Badilisha laini uone.

dada_likoni:
Kaka hebu kwanza tuambie, hilo faili unaliweka wapi? Kama ni flashi iliyofomatiwa FAT32 halitapita giga 4 hata ukeshe, faili moja humo mwisho wake ni hapo. Nishaona mtu anamlaumu jirani mwenye wifi mwezi mzima kumbe ni flashi.

fundi_kihonda:
Hapana dada, naweka kwenye diski ya ndani kabisa, nafasi imebaki giga 140. Na haijawahi hata kufika giga 4, inategemea spidi ya siku hiyo. Kinachofanana ni muda tu, masaa mawili.

bwana_pakiti:
Hilo neno lako la mwisho ndo la maana kuliko yote uliyoandika. Ingekuwa inakatika kwenye ukubwa uleule ningesema diski au seva, ikikatika ovyo ovyo ningesema mawimbi. Inakatika kwa saa, basi kuna mkataba unaisha mahali. Nijibu matatu:

1. Laptopu ikikatika, simu za humo ndani kwenye wifi hiyohiyo nazo zinakatika?
2. Ingia kwenye rauta, sehemu ya DHCP (ndo utaratibu wa rauta kugawa IP, yaani namba ya anwani ya kila chombo kwenye mtandao), muda wa kukodisha IP umeandikwa ngapi?
3. Kwenye laptopu una fayawoli, ule ulinzi unaochuja kinachoingia na kutoka mtandaoni (kwenye Mint ni ufw)? Andika sudo ufw status verbose utuwekee majibu.

fundi_kihonda:
Mkuu nimerudi. La kwanza, wife alikuwa anaangalia tamthilia kwenye simu ile saa 8 hakukatika hata kidogo, alinishangaa navyoguna. La pili imeandikwa 120, chini yake dakika. La tatu ndo hili:

Status: active
Default: deny (incoming), deny (outgoing)
53 ALLOW OUT
80/tcp ALLOW OUT
443/tcp ALLOW OUT

Hii fayawoli niliiweka kama wiki mbili zilizopita, nilifuata video moja ya kuifanya Linux iwe salama, jamaa alisema tunafunga kila kitu halafu tunafungua tunachokijua.

bwana_pakiti:
Sawa, mgonjwa kapatikana. Sio rauta, sio mtoa huduma, ni wewe mwenyewe mkuu na hiyo video, usikasirike.

Iko hivi. IP ambayo rauta inakupa hujapewa mazima, umepangishwa. Ile 120 ndo dakika za mkataba. Na laptopu haisubiri mkataba uishe ndo ikurupuke, utaratibu wa DHCP (RFC 2131 ya mwaka 1997, mpaka leo ndo tunautumia) unasema mkataba ukifika nusu mpangaji anamfuata mwenye nyumba kuomba aongezewe, kwako hiyo ni dakika ya 60. Akikosa jibu anarudia rudia, ikifika asilimia 87.5 ya muda, yaani dakika ya 105, anaachana na yule mwenye nyumba wake anapiga kelele mtaa mzima, yeyote mwenye vyumba anisikie. Kukiwa kimya, dakika ya 120 vyombo nje. Laptopu inaivua IP, Chrome inaona mtandao umebadilika inaua daunlodi, halafu sekunde chache mbele laptopu inaomba kama mgeni na inapewa, mara nyingi IP ileile. Ndo hiyo unayosema wifi inajirudisha.

Sasa kwanini ombi la kuongezewa halifiki? Ombi linatoka poti 68 ya laptopu (poti ni kama mlango wenye namba, kila huduma na wake) kwenda poti 67 ya rauta, kwa njia ya UDP. Wewe umeruhusu kutoka kwa 53, 80 na 443, basi. 67 haipo. Mlinzi uliyemweka getini anamzuia mpangaji kwenda kulipa kodi.

Utaniuliza, mbona mwanzo IP inapatikana bila shida? Hapa wengi wanapotea, hata mimi nilipotea miaka ya nyuma nikamlaumu mtu wa watu. Laptopu ikiwa haina IP haiwezi kutumia njia ya kawaida, kwahiyo programu ya DHCP inaisukuma pakiti yake moja kwa moja kwenye kadi ya mtandao, chini kabisa, sehemu ambayo ufw haioni. Ikishapata IP inahamia njia ya kawaida, na njia ya kawaida inapita getini. Yaani kuingia kaingilia dirishani, sasa anataka kutoka kwa mlango. Waliotengeneza ufw waliweka kabisa kanuni ya kuruhusu majibu ya DHCP yaingie, ipo kwenye faili la before.rules kaisome, ila ya kutoka hawakuiweka kwa sababu ufw ikiwa kama ilivyotoka haimzuii mtu kutoka. Wewe ndo ulifunga.

Ila usiniamini mimi. Kabla hujagusa kitu, leo usiku iache ifeli kama kawaida, kesho andika
sudo grep DPT=67 /var/log/ufw.log
utuwekee na saa zake (DPT ni poti ambayo pakiti inakwenda).

mzee_wa_kebo:
Maelezo meeengi. Si aweke IP ya mkono tu kwenye laptopu aachane na mikataba? Mimi nyumbani kwangu vyote vina IP za mkono na sijawahi kulalamika humu.

dada_likoni:
Mzee wangu shikamoo, IP ya mkono ni sawa ila itoke nje ya fungu ambalo rauta inagawa, la sivyo unahamisha shida unampelekea mwenzio. Yaliyonikuta mimi: kwetu nilimwekea baba printa nikaipa 192.168.1.105 kwa mkono, na rauta yetu inagawa kuanzia .100 mpaka .149. Sikulifikiria hilo. Basi ikawa kila printa ikiwashwa mtu mmoja mle ndani anapotea mtandaoni, leo shangazi, kesho mimi, keshokutwa televisheni. Na printa ilikuwa inawashwa Jumapili jioni tu baba akitoa karatasi za kikundi chao, kwahiyo tukawa tunasema Jumapili mtandao huwa mzito. Wiki tatu! Mpaka siku nilipotazama simu yangu nikaona nayo imepewa .105. Rauta ilikuwa haina habari kuna mtu kajikalia kwenye chumba bila mkataba, ikampangisha mwingine.

Kama wataka IP isibadilike, ingia kwenye rauta uifunge IP na MAC ya hicho chombo (namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao), rauta nyingi zina sehemu hiyo chini ya DHCP. Hivyo rauta yenyewe ndo inajua chumba kina mwenyewe. Ila kwa kaka fundi hilo nalo halimsaidii, maana mkataba utabaki kuwa mkataba na ombi bado litazuiwa getini.

mzee_wa_kebo:
Marahaba binti. Zangu zote ziko chini ya .100, nimeelewa kwanini sijawahi kusumbuka, ilikuwa bahati tu.

fundi_kihonda:
Wakuu nimeamini. Laptopu niliiwasha saa 6:05 usiku kama kawaida, haya ndo yaliyokuwepo (nimepunguza mengine):

01:05:11 [UFW BLOCK] IN= OUT=wlp2s0 SRC=192.168.0.104 DST=192.168.0.1 PROTO=UDP SPT=68 DPT=67
01:50:13 [UFW BLOCK] IN= OUT=wlp2s0 SRC=192.168.0.104 DST=255.255.255.255 PROTO=UDP SPT=68 DPT=67

Na saa 8:05 ikadondoka. Yaani dakika 60, dakika 105, dakika 120, kama ulikuwa umekaa humu ndani na mimi. Hiyo 255 ndo kelele za mtaa mzima sio?

bwana_pakiti:
Ndo yenyewe. Sasa andika
sudo ufw allow out 67/udp
halafu kwa ajili ya hiyo saa yako inayochelewa
sudo ufw allow out 123/udp

Saa ya kompyuta inajirekebisha kwa kuuliza seva za muda kupitia poti 123, na wewe hukuifungua, kwahiyo wiki mbili zote laptopu ilikuwa inakwenda kwa saa yake ya moyoni. Betri uliyonunua itunze, siku moja utaihitaji. Na ukijaribu torenti ukaona haisogei usije kufungua uzi mwingine, sababu ni hiyohiyo, torenti inatumia poti za kila namna.

Kuongeza dakika za mkataba kwenye rauta kutoka 120 mpaka siku nzima kungekufichia tu ugonjwa, ungekatika mara moja kwa siku badala ya kila masaa mawili na usingeujua kamwe.

dada_likoni:
Na hilo la kuanza sifuri kila mara, kaka, hiyo link uliitoa wapi? Saiti nyingi za kushushia mafaili zinakupa link ya muda, ikiisha muda wake seva haikujui tena, kwahiyo hata ukibonyeza kuendelea inakataa au inakupa faili tangu mwanzo. Chukua kwenye saiti yenyewe ya Ubuntu au kioo chake (saiti nyingine inayohifadhi nakala ya mafaili hayo), kisha uijaribu hivi:

curl -I na link yako

ukiona mstari Accept-Ranges: bytes ujue seva inakubali kukupa kuanzia ulipoishia. Halafu achana na Chrome kwa mafaili makubwa, tumia

wget -c na link

Hiyo -c ikikuta kipande kipo inaiambia seva nipe kuanzia baiti fulani, seva ikiwa inaelewa inajibu 206 na kukupa kilichobaki tu. Mimi umeme ukikatika wala sishtuki, ukirudi nabonyeza mshale wa juu na enta basi. Ila uwe kwenye folda ileile na jina la faili lisibadilike, vinginevyo itaanza upya, na ukimaliza pima sha256sum (ni kama alama ya vidole ya faili) uilinganishe na ile waliyoandika kwenye saiti. Kipande kilichoungwa vibaya utakijua katikati ya kuinstoli mbele ya mteja.

kijana_wa_bando:
Naombeni radhi kwa mtoa huduma wa watu 😂 Ila na mimi nina langu humuhumu. Hosteli tunayokaa tuko vyumba 12, rauta moja, kila jioni kuna mtu wifi inaunga lakini haina intaneti, ukiangalia IP inasoma 169.254 na namba zingine. Asubuhi inakuwa poa. Ni fayawoli pia?

bwana_pakiti:
Wewe vyumba vya IP kwenye rauta vimejaa. 169.254 ni IP ambayo chombo kinajipa chenyewe kikikosa wa kukipangisha. Kama rauta yenu inagawa .100 mpaka .149 hapo kuna nafasi 50 tu, vyumba 12 mara simu laptopu na mgeni mmoja mmoja, tayari mmefika. Na simu za siku hizi zinajitungia MAC badala ya kutumia ile ya kiwandani, Android ni kuanzia toleo la 10, zingine ukiziset zinaibadilisha kila baada ya muda, kwahiyo simu moja inaweza kushika vyumba viwili vitatu mpaka mikataba iishe. Mkataba wenu ni masaa mangapi?

kijana_wa_bando:
24. Aliyeifunga aliniambia ndo bora.

bwana_pakiti:
Kwa familia ya watu wanne sawa, kwa hosteli hapana. Mgeni kaja dakika kumi kaondoka, chumba kimefungwa mpaka kesho saa zilezile. Mwenye paswedi ya rauta aweke masaa 2 na apanue fungu lianzie .20 liishie .250, mtapata nafasi 231. Mkiwa na printa au kamera yenye IP ya mkono hakikisheni haimo humo katikati, kisa cha printa ya baba kipo hapo juu.

mzee_wa_kebo:
Swali la mwisho kabla sijalala. Kuna faida gani mtu wa kawaida kufunga vya kutoka? Mimi ufw yangu inazuia vya kuingia tu na naishi.

bwana_pakiti:
Mzee mi naona kwa laptopu ya nyumbani ni mateso kuliko faida. Virusi vya leo vinatoka kwa 443 hiyohiyo uliyoiacha wazi, wewe unabaki kuhangaika na printa, saa na mikataba. Kwenye seva yenye kazi moja inayojulikana hapo naielewa.

dada_likoni:
Mimi sikubali sana. Kufunga kumemfundisha laptopu yake inaongea na nani na nani. Tatizo la ile video ni kwamba jamaa alifungua poti tatu akasema tayari, hakumwambia mtu aisome logi wiki ya kwanza. Ukifunga vya kutoka uwe na tabia ya kutazama UFW BLOCK kila jioni mpaka ikae kimya.

fundi_kihonda:
Wakuu marejesho. Jana nimefungua 67 na 123, nikachukua link ya saiti yenyewe, wget -c, nikalala saa 6 na nusu kama mtu asiye na madeni. Usiku umeme ulikatika kama saa 9 (nimeona kwenye saa ya microwave), rauta ikazima ikawaka, wget ikasubiri yenyewe ikaendelea, laptopu ilikuwa na chaji. Saa 11 na robo faili liko zima. Nimepima sha256sum, herufi zote sawasawa, nilizisoma kwa kidole moja moja na wife ananiangalia tena vilevile. Kwenye logi DPT=67 hakuna kitu kipya.

Saa nayo imerudi yenyewe dakika ileile nilipofungua 123. Betri ya bodi ilinigharimu 3,000, mwenye kuihitaji niko Kihonda.

mzee_wa_kebo:
2,000 nachukua kesho.